Kikao ya Kuchagua Mutu wa Kuvaa Kaske ya Mwezi

CHAMA YA BAZEE BA FONIE, KANDO YA ZIWA MWERU
KUMBUKUMBU ZA KIKAO

Siku: ya posho (siku ya sita), tarehe 12/7/2025, kuanzia saa kumi na mbili ya asubuhi.

Pahali: lupango (kiwanja) ya Mama Kapinga, Kashikishi, nyuma ya bitanda ya kukaushia chisense, dagaa ya ziwa yetu, pale antene ya Dokta inasimama.

Balikuwako:
1. Mama Kapinga Delphine, Mwenyekiti. Anauza chisense. Marehemu bwana yake alikuwa mutu wa fonie, ile redio ya kuitana na batu ba mbali.
2. Kalenga Ghislain, Katibu. Alipigaka fonie ya misheni ku Pweto. Sauti yake inajulikana mupaka Kalemie, na ng'ambo yote mbili ya ziwa.
3. Nkulu Félix, memba. Alipigaka fonie ya depo ku Moba. Alikuwa anasoma bei ya mahindi.
4. Chouchou, memba. Anachaji matelefone ya batu ku soko.
5. Dokta Febby, mugeni, ametoka Lusaka na mashini yake.

Hakukuwako: Dédé, memba. Alivuka ziwa mupaka Kilwa ku kilio ya shemeji. Hakutuma neno. Wakati ya fonie angelituma, na Katibu angelipokea.

KUMB. NA. 1/7/25: KUFUNGUA

Mama Mwenyekiti alifungua na maombi mafupi, sababu mwezi ulikuwa umeisha kuinama upande wa ziwa. Alikumbusha kwamba chama inakutanaka paka juma ya mwezi mukubwa tu. Mwezi ukiwaka, chisense haifuate taa ya bavuvi, na bauzaji bote banakaa bure. Ni juu ya ile kawaida Dokta Febby alitupata. Alikuja kutafuta batu benye kuwa na nafasi wakati ya mwezi mukubwa, akatukuta sisi tunakunywa chai na kubishana nani alisikiwaka mbali kupita mwenzake.

Chai ililetwa. Katibu aliona kwamba kikombe ya Félix iliwekwa maziwa. Bikombe byengine bilikuwa byeusi. Katibu aliomba ile iandikwe. Mama Mwenyekiti alisema chai haiko mu ajenda. Imeandikwa.

KUMB. NA. 2/7/25: KAZI YENYEWE

Dokta Febby aliombwa aeleze tena, sababu Dédé alikuwa ameeleza batu ku soko kwamba tunatafuta maji ku mwezi.

Dokta alieleza kwamba kuna stesheni kubwa inchi ya mbali. Ile stesheni inatupa sauti mupaka ku mwezi. Mwezi unairudisha sawa ukuta unarudisha mupira. Antene yetu inaikamata hapa. Lakini mbele ifike, inapita mu hewa ya juu kabisa, juu ya njia ya ndege, ile hewa jua inapiga kila siku. Na ile hewa inaikamua sauti, inaipindua, sawa mama anakamua nguo mbele ya kuianika. Ukijua imepindwa namna gani, unajua hewa ya kule juu iko namna gani. Yeye hawezi kupanda. Anatuma mwezi.

Ndiyo sababu antene ina mupini wa kuigeuza, na sahani ya chuma yenye namba sawa saa ya mukono. Unageuza mupini mupaka sauti inakuwa na nguvu, halafu unasoma namba. Mashini inaandika yote, lakini sauti ni kidogo sana, sawa mbu nyuma ya mulango, na mashini inachelewa kuipata. Sikio inatangulia.

Dokta alisema anarudi Lusaka siku ya kwanza ya juma. Anaacha antene, anaacha mashini, na kaske ya kusikilizia, ile ya kufunika masikio, moja. Chama ichague mutu mumoja wa kuivaa kila mwezi mukubwa. Jina ya ule mutu itaandikwa pamoja na kazi yote, na batu ba inchi zingine bataisoma.

Chouchou aliuliza kama kaske haiwezi kugawanywa, kila muzee sikio yake moja.

Dokta alijibu na heshima: "Hapana mukwai. Ile sauti inaomba kichwa kizima."

Félix alicheka. Chouchou alicheka. Katibu hakuona kichekesho.

Katibu aliomba iandikwe kwamba ni yeye alionyesha Dokta hii lupango, sababu haina ukuta wala kilima mbele, paka maji tu mupaka Kongo, na mwezi unaonekana mupaka unaingia. Félix alisema ziwa ilikuwako mbele ya Katibu kuzaliwa. Mama Mwenyekiti aliomba heshima. Ilionekana pia kwamba Dokta anamuita Félix "bashikulu", ni kusema babu, na Katibu anamuita paka "secretary" tu.

KUMB. NA. 3/7/25: NAMBA YA MUPINI

Mama Mwenyekiti alieleza kwamba mbele ya kuchagua mutu lazima tumalize mambo ya jana, siku ya tano, wakati bagombea bote babili, Félix na Katibu, balijaribiwa.

Félix alivaa kaske wa kwanza, jua ikiwa haijatoka. Alitoa namba tatu. Kiisha Katibu alivaa, jua imetoka. Katibu alitoa namba kumi. Na vile Katibu ni mutu wa fonie kamili, alifunga mupini pale ku kumi na kamba ya mupira ya tairi ya kinga (baisikeli), mafundo ine. Bote banajua sheria yetu: ukishapata posti, ni kusema stesheni, hauguse tena.

Félix aliporudi kujaribu tena, alikuta mupini umefungwa. Alikata kamba na wembe.

Félix alisema: "Ilikuwa tatu. Niliisikia na haya masikio, sawa ninavyokusikia weye. Kumi ulitoa wapi, Ghislain?"

Katibu alisema: "Nilitoa kule kule weye ulitoaka bei ya mahindi. Siku zote ilikuwa ya juma iliyopita."

Félix alisema: "Weye ulikuwa unapitisha sala."

Katibu alisema: "Na sala zilifika."

Mama Mwenyekiti alipiga meza na kikombe. Alisema namba ipigiwe kura, tupate moja ya kumupa Dokta, maneno iishe. Kwa tatu: Félix na Chouchou. Kwa kumi: Katibu, na Dédé, mwenye Katibu alimusemea sababu anajua moyo yake. Ikawa sawa sawa. Mama Mwenyekiti alikatala kupiga yake. Alisema batu babili bakigombana juu ya shamba, mupaka unawekwa katikati. Alipendekeza sita na nusu. Chouchou aliunga mukono.

Dokta Febby alikohoa. Aliomba ruhusa ya kusema. Alieleza kwamba hewa ya juu haikai pahali moja. Jua ikitoka inavimba haraka, na sauti inapindwa kupita vile ilikuwa mbele. Namba inatembea. Kwa hiyo tatu inaweza kuwa kweli mbele ya jua kutoka, na kumi inaweza kuwa kweli nyuma ya jua kutoka. Alisema ile tofauti yenyewe ndiyo kitu alifuata kutoka Lusaka. Bote babili banaweza kuwa na haki.

Félix na Katibu balikatala pamoja. Mama Mwenyekiti alisema ni mara ya kwanza bakubaliane tangu chama ianze.

Sita na nusu ilifutwa.

KUMB. NA. 4/7/25: MASHITAKI YA FÉLIX, NA KUJARIBU SIKIO

Félix aliomba kusema. Alisimama, ijapokuwa hatusimamake. Alisema: kama namba inatembea, mutu mwenye anaisikia ataona inamukimbia na ataifuata na mupini. Hawezi kufunga.

Akasema: "Weye ulifunga. Ghislain, ndugu yangu, weye hausikie."

Katibu alipinga. Katibu alisema: "Miye? Miye nilisikiaka mutu wa Kongolo anakohoa mbele afungue mikro! Weye unapenda kaske, sema unapenda kaske. Usinitie ugonjwa."

Félix alisema: "Ninaipenda. Nani haipende? Lakini jana nilikuita ku mulango mara tatu, ukaendelea kula mihogo."

Katibu alisema mihogo haiko mu ajenda. Mama Mwenyekiti alisema kwamba sasa iko.

Iliamuliwa kwamba Katibu ajaribiwe. Dokta alikuwa na sauti ya jana mu mashini. Katibu alivaa kaske, akaangalia ukuta, mugongo kwa batu. Akisikia, anyanyue mukono. Mbele aivae, Dokta alimuambia karibu ya sikio, "Pole pole, bashikulu." Ndiyo mara ya kwanza alimuita vile, na Katibu hakufurahi.

Mara ya kwanza Katibu alinyanyua mukono. Dokta alisema alikuwa hajafungua sauti bado.

Mara ya pili Katibu alinyanyua mukono. Dokta alisema vile vile.

Mara ya tatu Katibu alingoja muzuri, hakunyanyua. Dokta alisema ndipo sasa ilikuwa inalia.

Hakuna mutu alicheka. Chouchou aliangalia meza. Félix aliangalia ziwa. Mama Mwenyekiti alimuuliza Katibu kama anapenda hii ibaki inje ya kumbukumbu, akasema kila mutu ataelewa.

Katibu alijibu kwamba ku Pweto alipitisha vifo na bizazi, mutu alifukuzwa kazi, mutu alikimbiwa na bibi, yote vile ilivyotoka mu kinywa ya mwenyewe, bila kupunguza neno. Hawezi kuanza kupunguza siku maneno ni yake. Iandikwe. Imeandikwa.

Mama Mwenyekiti alisimama akaweka maziwa mu chai ya Katibu. Katibu alisema hakuomba maziwa. Kikombe ilibaki ku meza.

Kura ya kuvaa kaske: Nkulu Félix. Balikubali batatu. Alikatala mumoja, Katibu. Dédé hakusemewa tena.

Félix alivaa kaske. Ilimukaa muzuri. Katibu ameandika vile sababu bote baliiona, na mutu akiuliza kesho ataambiwa.

Katibu aliomba ruhusa ya kurudi ku nyumba. Ruhusa ilikataliwa. Hakuna mwengine anajua kuandika mu kikao hii bila kuuliza herufi.

KUMB. NA. 5/7/25: MENGINEYO

Chouchou aliomba kwamba siku ya mwezi mukubwa asizime mashini yake ya kuchaji matelefone. Dokta alisema ile mashini inalia mu kaske sawa nyuki. Iliamuliwa azime. Chouchou alisema ataangalia. Mama Mwenyekiti alisema hataangalia, atazima.

Kiisha Félix aliomba kusema tena. Katibu aliuliza kama hajatosheka. Mama Mwenyekiti alimuruhusu.

Félix alisema kwamba wakati ya fonie, posti zote za kando ya ziwa zilikuwaka zinamulalamikia Ghislain juu ya klarifaya. (Kwa batoto benye batasoma: klarifaya ni butoni ya fonie ya kufanya sauti ya mutu ikuwe nyembamba ao nene. Kila opereta anaiweka vile sikio yake inapenda.) Alisema mutu akipita ku Pweto akaingia mu chumba ya fonie, anasikia bamama bote banasema sawa bapadri. Ghislain alikuwa anageuza klarifaya mupaka sauti ya mwanamuke inakuwa nene.

"Tulimucheka," Félix alisema. "Tulisema ni majivuno, anapenda kila mutu aseme sawa askofu. Leo ndiyo ninaelewa. Sikio yake ya sauti nyembamba ilianza kufa zamani. Ya nene iko nzima. Ukimuita ku mulango, hasikie. Lakini motere ya mutumbwi anasikia kutoka Kilwa, na anakutajia jina ya mwenye nayo."

Katibu alisema ile ya motere ni kweli.

Félix alimuuliza Dokta kama mashini yake ina klarifaya. Dokta aliangalia butoni za mashini, akasema iko nayo. Alieleza kwamba ile wembamba haitoke ku mwezi, ni sisi tunaichagua hapa ku mashini, juu ya masikio yetu. Ukiifanya nene, hesabu ya hewa haiharibike. Alisema alikuwa anaiacha pale sababu yeye mwenyewe anaisikia muzuri pale, na hakufikiri kuuliza.

Félix alitosha kaske ku kichwa yake. Alienda ku mashini bila kuomba ruhusa ya Mwenyekiti, na ile ni kosa, imeandikwa. Alimukalisha Katibu ku kiti, karibu ya mupini. Alimuvalisha kaske yeye mwenyewe, sawa unavalisha mutoto kofia. Katibu alimuambia mikono yake inanuka chisense. Félix alisema ya nani hainuke.

Mwezi ulikuwa bado juu ya maji, mweupe, umeisha nguvu, jua nyuma yetu.

Félix aligeuza butoni. Katibu alisema hakuna kitu, paka makelele sawa mvua ku mabati. Félix aligeuza tena. Katibu alisema mvua ile ile. Félix aligeuza tena, pole pole, na kidole kimoja, vile tulikuwaka tunafanya usiku mutu wa mbali akiwa na habari mbaya na hutaki kumupoteza. Katibu alimuambia aache kuchezea mutu muzima mbele ya bageni.

Félix aligeuza.

Katibu alinyanyua mukono.

Hakuna mutu alikuwa amesema kitu. Dokta aliangalia mashini yake na yeye akanyanyua mukono, mashini imeipata.

Sauti yenyewe iko sawa mutu anaimba na mudomo umefungwa, mu nyumba ya tatu. Inakuja, inakufa, inakuja. Ikikufa Katibu aligeuza mupini na ilirudi. Ilikuwa ku ine. Kiisha ilitaka kukufa tena, Katibu aliifuata, ikawa ku tano. Inatembea kweli. Dokta alisema kweli na Katibu anashuhudia. Jana Katibu alifunga mupini sababu sheria ya fonie inasema vile, na ile sheria ni ya batu. Mwezi haujaifundishwa.

Katibu anaandika haya akiwa na kaske ku kichwa, mukono moja ku mupini, moja ku kalamu. Hakuna opereta mwengine anaweza.

Félix alinyanyua upande moja ya kaske, ili asikiwe, akauliza: "Pweto, Pweto, unaipata namna gani?"

Katibu alijibu: "Tano juu ya tano." (Ku fonie ni kusema: ninasikia muzuri kabisa.)

Mama Mwenyekiti aliuliza basi kura tuliyopiga inakuwa namna gani. Kulikuwa na majadiliano. Dokta alisema jina mbili zinaweza kuandikwa, karatasi haitajaa. Iliamuliwa: mwezi mukubwa moja wa Félix na sauti nyembamba, mwezi mukubwa moja wa Katibu na sauti nene, zamu kwa zamu. Namba za mupini za bote babili zitaandikwa, hata kama hazifanane, na hakuna kura itapigwa tena juu ya namba.

Félix aliomba kusikia ile nene kidogo. Katibu alimupa, si kwa muda murefu. Félix alisema: "Miye ninaisikiaka sawa mbu, na huyu anaisikia sawa wimbo." Alisema haiko haki. Alisema anaona wivu. Katibu aliomba ile neno iandikwe vile ilivyosemwa: WIVU. Imeandikwa.

Katibu alirudisha kaske ku kichwa yake. Katibu alifunga butoni ya klarifaya na kamba ya mupira, mafundo ine, pale pale Félix aliiacha, ili mutu asiiguse. Félix alisema maneno mengine. Katibu alikuwa na kaske ku masikio, hakuyasikia.

KUMB. NA. 6/7/25: KUFUNGA

Hii ninaandika miye, Kapinga, na mukono yangu, munisamehe herufi. Kikao ilifungwa saa moja na nusu. Mwezi umeisha kuingia mu maji upande wa Kilwa. Dokta amesema hakuna tena kitu ya kusikia. Katibu amekatala kutosha kaske. Amekunywa ile chai ya maziwa, imepoa kabisa, hakuangalia hata kikombe. Dokta anangoja kufunga mashini.

Yale maneno ya Félix, yenye Katibu hakusikia, yalikuwa haya: "Mumuache kwanza."

Mwenyekiti: Kapinga D. (sahihi)

Katibu: ataweka sahihi akitosha kaske.